Nidhamu ya Mwalimu wa Mpira

Neno nidhamu lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake huhusu kazi ya kupanga lulu au shanga katika uzi. Kwa shina hilo hilo Waswahili walipata neno kunudhumu, yaani kutunga mashairi. Lugha yetu nayo, kwa njia yake yenyewe, hutumia kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili: hutunga shanga, na hutunga utenzi. Naanza na jambo hili kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu, lakini pia kwa sababu lina faida katika swali ninalotaka kulijadili. Katika mkufu shanga huonekana, uzi hauonekani. Uzi ukionekana, ama shanga zimepungua, ama uzi umelegea. Ikiwa nidhamu ni uzi, basi mwalimu wa mpira anayetaka nidhamu yake ionekane kila saa yamkini hajaijua kazi yake.

Swali lenyewe ni hili: Je, nidhamu ya mwalimu wa mpira ni njema kwa kuwa huleta ushindi, au yaweza kuwa njema hata pale timu inaposhindwa, na mbaya hata pale inaposhinda? Aghalabu watu hujibu kwa haraka. Timu ikishinda, mwalimu husifiwa kwa msimamo wake; timu ikifungwa, mwalimu yule yule huambiwa kuwa ni mkali mno au mlegevu mno. Hukumu hiyo huja baada ya filimbi ya mwisho, na hakimu wake ni ubao wa mabao. Mimi niliwahi kuiamini hukumu hiyo, tena iliponipendelea mimi mwenyewe. Nitaeleza jinsi nilivyoiacha.

Kabla ya kuja chuo kikuu nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Pamoja na vipindi vya darasani nilipewa ulezi wa timu ya mpira. Muleba ni nchi ya migomba na kahawa, yenye vilima upande mmoja, na ziwa na visiwa vyake upande mwingine. Wanafunzi wetu wa kutwa walitoka mbali, wengine wakianza safari kabla ya jua kuchomoza. Niliwawekea vijana wangu sheria tatu: kuwahi mazoezi, kutobishana na mwamuzi, na kutotoa udhuru. Sheria ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Niliwaambia kuwa udhuru ni blanketi la mvivu, hujifunika nalo wakati wenzake wapo kazini. Walicheka, wakayakariri maneno hayo, nami nikafurahi kama mtunzi aliyesikia ubeti wake ukiimbwa njiani.

Kijana mmoja alikuwa mshambuliaji wetu bora. Siku ya mchezo wa mwisho wa mashindano ya shule, alifika wenzake wakiwa wamekwisha kuvaa jezi. Alikuwa ameshika baiskeli, na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alifungua kinywa ili aseme, nami nikainua mkono wangu kumzuia. Alikaa pembeni mpaka mwisho. Tulishinda bao moja kwa bila. Watu wazima walikuja kunishika mkono, na walimu wenzangu walisema kuwa siku ile wameona nidhamu kwa macho yao. Usiku ule nililala usingizi mzuri.

Majuma mawili baadaye nilisikia kwa watu kwamba alfajiri ya siku ile kijana yule alikuwa amempakia bibi yake kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, akamwacha mikononi mwa wauguzi, akarudi mbio kwa sababu ya mchezo wetu. Hakuja tena mazoezini. Mimi nami sikumfuata. Niliona haya, na haya yangu nikaivika vazi la msimamo.

Tazama sasa, msomaji, mahali tulipofika. Ikiwa matokeo ndiyo hakimu wa nidhamu, mimi sina kosa lo lote. Sheria ilikuwepo, mkosaji aliadhibiwa, timu ilishinda. Hesabu imekwisha. Lakini moyo unakataa kuifunga hesabu hiyo, na mtu mwenye akili hana budi kuuliza moyo unakataa kwa nini. Unakataa kwa kuwa ushindi ule haukujua habari za kijana yule. Bao lililofungwa dakika ile lingefungwa hata kama ningekuwa nimetenda haki, au lisingefungwa hata kama ningetenda dhuluma kubwa zaidi. Bao halimjui mwenye haki.

Kisa changu ni cha timu ndogo ya shule, na pengine mtu atasema kuwa hakitoshi. Basi tukitoke kisa hicho twende kwenye timu kubwa ya mkoa huo huo. Kagera Sugar, ambayo mashabiki wake huiita Wanankurukumbi, ni timu ya kiwanda cha sukari, na nyumba yake ni uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Katika msimu wa 2016/17 timu hiyo, chini ya mwalimu Mecky Maxime, aliyepata kuwa nahodha wa Taifa Stars, ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba. Msimu huo haukuwa mwepesi kwa mji wa Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliua watu, likabomoa nyumba nyingi, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa ubovu wa majengo yake. Katika mji uliokuwa bado unaokota matofali yake, timu ilipanda mpaka nafasi ya tatu. Watu walisema: hiyo ndiyo nidhamu.

Miaka miwili baadaye, katika msimu wa 2018/19, mwalimu alikuwa yule yule. Timu yake iliifunga Simba, iliyokuja kuwa bingwa wa msimu huo, 2 kwa 1 pale Kaitaba mwezi wa Aprili, kisha ikaifunga tena Dar es Salaam mwezi wa Mei kwa bao 1 kwa bila. Timu yenye uwezo wa kumfunga bingwa mara mbili ingedhaniwa kuwa imekaa pazuri. Sivyo. Kagera Sugar ilimaliza karibu na mkia, mahali pa hatari, hata ikalazimika kucheza na Pamba ya Mwanza ili kuokoa nafasi yake katika ligi. Iliokoka. Mwishoni mwa msimu wa 2024/25, chini ya walimu wengine, ikashuka daraja.

Nani atatuambia kwamba nidhamu ya mwalimu ilikuwa nzuri mwaka 2017, ikaharibika mwaka 2019, tena ikatengemaa kwa dakika tisini kila timu hiyo ilipokutana na Simba? Akili haikubali. Matokeo ya timu ni mto wenye vijito vingi. Kimo fedha za kusajili wachezaji, na timu kubwa huwachukua walio bora kila mwisho wa msimu. Kimo urefu wa njia, kwa maana kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300, na miguu iliyokaa garini muda mrefu si sawa na miguu iliyolala kitandani. Yamo majeraha, waamuzi, mvua na bahati. Nidhamu ni kijito kimoja, tena si kidogo, lakini anayeutazama mto kule chini hawezi kusema maji haya ni ya kijito kile.

Je, basi nidhamu haina kazi katika matokeo? Ina kazi kubwa, lakini kazi yake hupitia ndani ya mchezaji kwanza. Hapa yafaa tutenge nidhamu za aina mbili. Ya kwanza ni ya hofu. Mchezaji huwahi kwa kuwa ataadhibiwa, hukimbia kwa kuwa anatazamwa, na hunyamaza kwa kuwa mwalimu yupo karibu. Nidhamu hii ni nyepesi kuijenga, na huonekana upesi. Ubaya wake ni kwamba huishi katika jicho la mwalimu, na jicho hilo haliwezi kuingia uwanjani. Mpira ni mchezo ambao mwalimu wake husimama nje ya chaki. Anaweza kupiga kelele, lakini hawezi kupiga mpira. Nidhamu ya pili ni ya kukubali. Mchezaji ameelewa sababu ya sheria, ameona kuwa sheria humlinda yeye pia, naye huishika hata asipoonekana.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti hiyo. Tarehe 19 Mei 2018 Simba walikuwa katika Uwanja wa Taifa wapokee kombe la ubingwa mbele ya Rais John Magufuli. Msimu mzima wa ligi hawakuwa wamefungwa. Kagera Sugar walikuwa wageni katika karamu ya wengine. Wakaongoza kwa bao moja, na mchezo ulipokaribia kwisha Simba wakapata penalti, mpigaji akiwa Emmanuel Okwi. Mlinda mlango Juma Kaseja akaiokoa. Simba wakapokea kombe lao siku waliyofungwa. Nauliza: katika nukta ile kati ya filimbi na mkwaju, mwalimu wa Kagera Sugar alikuwa na amri gani ya kumpa mlinda mlango wake? Hakuna. Kilichobaki ni yale aliyokuwa nayo Kaseja mwenyewe: miaka ya mazoezi, utulivu wa moyo, na hiari ya kutokata tamaa uwanjani kwa mwenye sherehe. Hofu ya mwalimu haiwezi kumsaidia mtu saa kama ile. Huenda ikamkaza viungo.

Jina la Kaseja linatuleta kwenye fumbo gumu zaidi. Kati ya 2006 na 2010 Taifa Stars ilifundishwa na Mbrazili Marcio Maximo, mtu aliyejulikana kwa kusisitiza nidhamu. Katika muda huo Kaseja, ambaye wengi walimhesabu kuwa mlinda mlango bora nchini, aliachwa nje ya kikosi kwa muda mrefu, na mjadala juu ya haki ya mwalimu kumwacha mchezaji wa namna hiyo ukaenea nchi nzima, kuanzia magazetini hadi vibarazani. Wanaomtetea Maximo hutaja kwamba mwaka 2009 aliifikisha Tanzania katika fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, kule Kodivaa, na kuwafunga wenyeji bao 1 kwa bila. Taifa letu halikuwa limefika fainali za Afrika tangu zile za Lagos mwaka 1980. Wanaomtetea Kaseja hutaja kwamba miaka tisa baada ya Maximo kuondoka, mnamo Agosti 2019, mlinda mlango huyo alisimama golini jijini Nairobi na kuivusha Taifa Stars mbele ya Kenya kwa mikwaju ya penalti. Kila upande una ushahidi, na ushahidi wa pande zote mbili ni wa kweli. Ndiyo kusema matokeo ni shahidi anayekubali kuitwa na kila anayemhitaji. Shahidi wa namna hiyo hafai kuamua kesi.

Mambo si tofauti katika nchi zenye mpira mkubwa kuliko wetu. Mwezi wa Januari 1995 Eric Cantona wa Manchester United alimrukia mtazamaji kwa teke, akafungiwa kwa miezi mingi. Mwalimu wake, Alex Ferguson, mtu aliyesifika kwa ukali, hakumtupa. Alimfuata hadi Paris kuzungumza naye ili asiiache timu. Cantona akarudi, na mwaka 1996 timu ikachukua ligi pamoja na kombe la chama. Mwezi wa Novemba 2005 mwalimu huyo huyo aliachana na Roy Keane, nahodha wake wa miaka mingi, baada ya nahodha huyo kuwakosoa wenzake vikali. Timu ikachukua ligi mwaka 2007, 2008 na 2009. Mmoja alibakizwa, timu ikashinda. Mwingine aliondoka, timu ikashinda. Atakayetafuta kanuni ya haki katika vikombe hivyo atarudi mikono mitupu.

Basi kanuni tuitafute wapi? Mimi naona imo katika mambo mawili, na yote mawili hutangulia mchezo.

La kwanza ni kwamba nidhamu imfunge mwalimu kabla ya kumfunga mchezaji. Wachezaji wa Tanzania mara nyingi humwita mkuu wao mwalimu. Jina hilo ni heshima, na kila heshima ni deni. Anayewataka wengine wawahi, awahi yeye. Anayewakataza matusi, ayazuie ya kwake. Anayetaka wacheze kwa akili, aziweke hesabu zake sawa. Tarehe 2 Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba 2 kwa 1 pale Kaitaba, kisha yakaja malalamiko kwamba beki mmoja wa Kagera alikuwa na kadi tatu za njano na hakustahili kucheza. Simba wakapewa pointi 3 mezani. Baadaye uamuzi ukageuzwa na pointi zikarudi Bukoba. Msimu huo Yanga na Simba walimaliza wakiwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Taji zima la nchi lilining'inia katika karatasi ya kadi za mchezaji mmoja. Karatasi haitunzwi na miguu ya mchezaji. Hutunzwa na walio juu yake, na uaminifu wao katika jambo hilo dogo ni nidhamu kama ilivyo nidhamu ya anayekimbia.

La pili ni kwamba nidhamu imtambue mchezaji kuwa ni mtu anayeweza kujibu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na walimu wengi wa mpira huupenda msemo huo. Una hekima katika malezi, lakini tusisahau kuwa samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hana neno la kusema. Kijana hai ana neno, na mwalimu asiyelisikia hakunji mtu, anakunja mwili.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nililitoa zamani. Watasema: mwalimu ana wachezaji thelathini, muda wake ni mfupi, na wajanja ni wengi, akisikiliza kila udhuru sheria itayeyuka kama chumvi majini. Pingamizi hili lina nguvu, wala silibezi. Sheria inayoinama kwa kila mwenye machozi huwadhulumu walioamka mapema bila machozi. Lakini pingamizi hilo linachanganya mambo mawili yasiyo mamoja. Kuuliza si kusamehe. Mwalimu anaweza kumwuliza aliyechelewa, akamsikia, akaona sababu yake haitoshi, akamweka nje. Anaweza hata kuona sababu inatosha, na bado akamweka nje siku hiyo kwa kuwa wenzake wamekwisha kujipanga, kisha akamwambia waziwazi kuwa hakuwekwa nje kwa aibu. Adhabu ni ile ile, lakini mtu si yule yule. Mmoja ameadhibiwa kama mwanachama wa timu. Mwingine ametupwa kama kiatu. Na gharama ya kuuliza ni dakika moja.

Dakika hiyo moja ndiyo niliyoinyima ile siku ya Muleba. Sikuwa na uhaba wa muda. Nilikuwa na uhaba wa unyenyekevu. Niliogopa kwamba nikimsikiliza kijana yule mbele ya wenzake, maneno yangu mazuri juu ya blanketi la mvivu yatapungua uzito. Niliilinda methali yangu nikampoteza mwanafunzi.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka ya mwaka 2019 nilikuwa Bukoba, nikaenda Kaitaba kutazama mchezo ule ambao Kagera Sugar waliwafunga Simba 2 kwa 1. Watu walikuwa wengi, na tulikaa tumebanana. Mapumziko yalipofika, kijana mmoja wa makamo ya kuoa alipenya kwa shida hadi nilipo, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Niliitika, "Marahaba," kabla sijamjua. Kisha nikamjua. Aliniuliza habari za chuo, nami nikamwuliza habari za nyumbani. Aliniambia kuwa bibi yake alipona siku zile, akaishi miaka minne zaidi. Nilianza kutafuta maneno, mimi ninayelipwa kwa kuyajua maneno, nikasema kwamba nilikosea. Hakukataa kwa adabu, kama watu wafanyavyo. Alisema, "Mwalimu, kukaa nje haikuniuma. Niliyajua makosa yangu, nilichelewa. Iliniuma kwamba hukuniuliza." Kisha akanunua karanga, akanipa nusu, tukatazama kipindi cha pili.

Pale uwanjani watu walishangilia ushindi, nami nilishangilia pamoja nao, maana ushindi ni kitu kizuri na asiyeupenda asifundishe mpira. Lakini kijana yule alikuwa amenipa kipimo ambacho ubao wa mabao hauna. Alikuwa tayari kuibeba sheria. Alichokikataa ni kutokuwa mtu mbele yake.

Ikiwa nimeeleweka, jibu la swali nililoanza nalo ni hili. Nidhamu njema husaidia timu kushinda, lakini haipati wema wake kutoka kwenye ushindi, wala haiupotezi kwa kufungwa. Hupata wema wake asubuhi, mazoezini, pale mwalimu anapojifunga kwanza kwa sheria yake mwenyewe, kisha akamwuliza aliyechelewa kilichompata, halafu akaamua. Timu iliyotungwa kwa uzi wa namna hiyo yaweza kufungwa na kushuka daraja, na shanga zake zisitawanyike. Timu iliyotungwa kwa hofu yaweza kushinda kombe, na siku ya pili yake kijana mmoja asionekane tena uwanjani, wala asiwepo wa kuuliza kaenda wapi.

Walio walimu miongoni mwetu, wa mpira na wa darasani, wana vijana watakaochelewa kesho. Sheria na iwepo, na adhabu na iwepo pale inapostahili. Ila mkono usiinuliwe kabla kinywa cha kijana hakijasema.